Matanga ya Kalongolongo

Mdogo wangu alipoanza nasari, siku ya kwanza tu, alimshika mkono mtoto aliyeketi naye dawati moja, akamtazama usoni kwa huruma, akamwambia, "Wewe si ulikufa? Nilikuja kwa matanga yako. Tulipikiwa mchele."

Yule mtoto akajikojolea.

Mwalimu alinisimulia hayo jioni nilipopitia pale kumchukua, nami nikacheka mpaka nikaegemea mabati. Mwalimu hakucheka. Alikuwa mwanamke mchanga, mwenye chaki kwenye nyusi, na alisubiri nimalize kama mtu anayesubiri treni ipite.

"Wewe ndiye dada yake? Basi umwambie mama, watoto wanamwogopa. Hapigi mtu, hatukani mtu. Lakini hakuna anayetaka kukaa na yeye." Akashusha sauti, ingawa darasani tulikuwa sisi wawili na nzi. "Leo ameniuliza kama mume wangu ameacha pombe."

"Na ameacha?"

Alinitazama vile walimu wangu wote hunitazama, na mimi nimezoea. Mimi ndiye yule msichana wa kidato cha tatu anayejua rangi ya ukuta wa nje wa darasa kuliko ile ya ndani, kwa sababu ya kutolewa nje kila mara. Lakini mwalimu wa nasari hakunifukuza. Alisema tu kwamba shule ikifika kufungwa na mdogo wangu bado hana hata mtoto mmoja wa kucheza naye, tumtafutie mahali pengine.

Mdogo wangu alikuwa ananingoja langoni, miguu pamoja, mkono mmoja kiunoni. Ana miaka minne. Alisimama hivyo kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma.

Nieleze mgongo ulitoka wapi. Sisi ni watu wa Magharibi ya Kenya, na kwetu mtoto akizaliwa akalia bila kunyamaza, tumbo lake halilaumiwi. Kuna marehemu anayetaka jina lake. Mdogo wangu alilia tangu alipoletwa nyumbani, hapa Gatina, Kawangware, mpaka jirani wa juu akahama. Shangazi zangu wakaja, wakamzunguka, wakaanza kuita wafu wa ukoo mmoja mmoja, kama mwalimu wa zamu na rejista. Mtoto akalia. Wakaita babu, akalia. Wakaita yule mjomba aliyeanguka kisimani, akalia zaidi. Mwishowe wakamtaja nyanya yetu, mamake baba, aliyekuwa ameishi na sisi Kibera akafariki kabla mtoto huyu hajafikiriwa. Mtoto akanyamaza papo hapo. Akafungua macho, akamtafuta baba chumba kizima, akamwona.

Mimi nikasema labda amechoka tu. Nilipigwa kofi na shangazi watatu.

Tangu siku hiyo yeye ndiye nyanya. Baba yangu ni fundi wa mjengo, mtu wa kubeba simiti begani huku akipiga mluzi, lakini jioni alikuwa anachuchumaa mlangoni kwetu na njugu karanga kwenye karatasi, anasema kwa sauti ambayo hajawahi kunipa mimi, "Mayi, umeshindaje?" Mayi ni mama. Naye mtoto, tangu siku alipojua kuongea, alikuwa akipokea njugu kwa mikono miwili na kujibu, "Tumeshinda. Mgongo tu."

Watu wa kwetu wote hapo ploti tulipopanga walimwita Kukhu, yaani nyanya. Walikuja kumsalimia Jumapili baada ya kanisa. Aliwauliza habari za ng'ombe. Alikunywa chai bila sukari. Wakubwa walimpenda sana. Watoto walikuwa wakimwona kwenye ngazi wanapanda kwa upande mwingine.

Nilipofikisha ujumbe wa mwalimu, mama aliacha kukata sukuma wiki. Yeye huuza nafaka pale kituo cha 56, anatoka asubuhi na kurudi na giza, na hakuna mtu wa kukaa na mtoto nyumbani. Baba alifikiri kidogo tu.

"Basi aende kwake," akasema.

"Kwake wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Nyumbani. Si nyumba iko? Shangazi yako yuko. Shule ikifungwa, nampeleka."

Ile nyumba naijua. Shangazi huifagia kila asubuhi na hakuna anayelala ndani yake. Kitanda cha nyanya kimetandikwa, shuka zinabadilishwa, kikombe chake kimefunikwa na kisahani. Kaburi liko mbele ya mlango, karibu kiasi kwamba ukitoka na usingizi unaweza kujikwaa. Desemba moja niliingia humo kwa utundu nikakalia kile kitanda. Godoro lilikuwa na joto. Nilitoka mbio, na sijawahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna anayeniamini hata nikisema ni saa ngapi.

"Mimi nitamfunza kupata marafiki," nikasema.

"Wewe?" Baba alicheka. "Utamfunza nini? Kutolea watu ulimi?"

"Mimi nina marafiki wengi."

"Una watazamaji," mama akasema, akarudi kwa sukuma yake. Lakini hakukataa. Mama hakutaka mtoto aende. Alikuwa amemzaa yeye, si mama mkwe wake, na nadhani mara nyingine alisahaulishwa hilo.

Nikaanza na salamu. Nilimsimamisha kwenye korido, nikamwonyesha jinsi ya kukunja ngumi na kugota, ngumi kwa ngumi. "Unasema niaje. Yeye anasema poa. Mnaendelea na maisha. Ni hiyo tu."

"Niaje," akasema.

"Poa!"

Akaushika mkono wangu wa ngumi kwa mikono yake yote miwili, akaufungua kidole kimoja kimoja, akaanza kuupapasa. "Na nyumbani kwenu? Mahindi yameota?"

"Hapana, hapo unakata! Unaachilia mkono!"

Hakuachilia. Viganja vyake vilikuwa vikavu, vikavu kama vya mtu wa kulima, na hajawahi kushika hata kijiko cha bustani.

Nikajaribu peremende. Nilimpa mfuko mzima nikamwambia agawie watoto wa ploti. Alimwendea kila mmoja kivyake, akamvutia pembeni, akamtia peremende mfukoni, akamnong'onezea, "Usimwambie mama yako." Watoto walizitupa kwenye mtaro. Hebu fikiria mtoto wa Gatina atupe peremende.

Nikajaribu kumfunza kucheka. Najua kuchekesha, ndiyo kitu cha pekee ninachojua. Nimewahi kumchekesha mwalimu mkuu akiwa ameshika kiboko. Nilimfanyia mdogo wangu sura zote, nikatembea kama kuku wa jirani, nikaanguka kwenye beseni la maji kwa hiari yangu. Alinitazama kwa upole. Halafu akasema, "Wewe utakuja kuteseka na mabwana."

Jumamosi moja mama alinituma Soweto East, kule Kibera, nikachukue gunia la maharagwe kwa mama mmoja Mkamba anayemuuzia kwa bei ya urafiki. Zamani, tulipokuwa tukiishi huko, nyanya alikuwa akiuza mboga kando ya huyo mama, bega kwa bega. Halafu nyanya akafariki, nyumba zetu za mabati zikabomolewa zijengwe fleti, nasi tukahamia Gatina. Nilimchukua mdogo wangu kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia. Hakuwahi kufika Kibera maishani mwake.

Tulipoingia Soweto, aliuachia mkono wangu akatangulia.

Nilimfuata nikimwita, kisha nikaacha kumwita. Alikuwa anapita mahali ambapo hakuna njia, katikati ya kamba za nguo na mitungi ya maji, akikata kona kama mtu anayefuata korido. Hapo zamani palikuwa na korido. Mimi nilijifunza kutembea kwenye hiyo korido. Akafika chini ya fleti, mbele ya ukuta mtupu wenye rangi ya kijivu, ukuta usio na mlango wala dirisha. Akavua ndala. Akaziweka pembeni, kisigino ukutani, vile nyanya alivyokuwa akiweka.

"Hodi," akauambia ukuta.

Watu walikuwa wakipita na mikate na madumu. Hakuna aliyetujali. Mdogo wangu aliinamisha kichwa akasikiliza. Nami nikasikiliza, Mungu anisamehe.

"Hawapo," akasema. "Wamehama." Akavaa ndala zake.

Yule mama Mkamba alikuwa kwenye kibanda chake akibishana na mteja juu ya kopo la kupimia. "Gorogoro ni gorogoro, kijana, sikupimii na kofia!" Mdogo wangu akapita nyuma ya meza bila kusalimia, akageuza debe tupu lililokuwa upande wa kushoto, akakaa. Akanyoosha miguu. Akavuta ungo wa maharagwe akaanza kuchagua mawe.

Mama Mkamba akanyamaza katikati ya sentensi. Mteja akaondoka na maharagwe mengi kuliko aliyolipia, na hakuna aliyemwambia kitu.

"Nani amemwambia akae hapo?" akaniuliza.

"Hakuna."

Akamgeukia mtoto. Kisha akacheka, kicheko kidogo kisicho na furaha. "Rafiki yangu, si ulienda?"

"Nilienda," mdogo wangu akasema, bila kuinua macho kutoka kwa ungo.

Mama Mkamba akaanza kunifungia gunia. "Huyu ana marafiki?"

"Hana. Ndiyo ninamtafutia."

"Mtafutie haraka. Wa rika lake wote tumewazika, nimebaki mimi tu, na mimi nina sukari na presha. Akikosa watoto wa kucheza nao hapa, atawafuata wenzake huko." Akanitwika gunia. "Na umwambie mama yako arudishe gunia tupu. Lile la mwisho bado nalingoja."

Nilirudi Kawangware bila kufanya mzaha hata mmoja. Kondakta alinikanyaga mguu nikamwambia asante.

Siku zikaisha. Shule zikafungwa siku ya Ijumaa, na mwalimu wa nasari akanipa ripoti bila kuniangalia machoni. Nyumbani nikakuta mama amepanga nguo za mdogo wangu kwenye mkoba, na mkoba uko mlangoni. Baba alikuwa ameshaongea na shangazi. Shangazi alikuwa amefurahi, alisema shuka safi ziko kitandani.

Wiki hiyohiyo ploti yetu ilikuwa imefiwa. Mzee wa chumba cha chini alikuwa amesafirishwa kwao, na kabla ya hapo tulikaa na hema uani, na vipaza sauti, na mahubiri, na chai ya masufuria makubwa. Kwa hiyo watoto, ambao kalongolongo yao kwa kawaida ni ya kupika ugali wa matope na kugombania nani awe baba, sasa walikuwa wanacheza matanga. Niliwakuta uani wamefunga gunia kwenye kamba za nguo kuwa hema. Walikuwa na mhubiri, mvulana mwenye gunzi la mahindi mdomoni kama maikrofoni. Walikuwa na waombolezaji, na mpishi, na hata mlevi wa kusumbua matanga. Walichokosa ni maiti. Hakuna aliyetaka, kwa sababu maiti hali ugali.

Mkubwa wao alikuwa msichana mmoja wa Kitui, mtoto wa seremala wa chini, aliyehamia karibuni. Hakuwa na meno ya mbele na alikuwa akiamrisha kila mtu kama askari wa jiji.

"Nina maiti hapa," nikasema kutoka kwenye ngazi. "Wa bure."

Walipomwona ninayemaanisha, wakarudi nyuma wote. Lakini yule wa Kitui alikuja, akamzunguka mdogo wangu, akamtazama juu mpaka chini kama anayenunua mbuzi.

"Anajua kulala bila kucheka?"

"Hiyo ndiyo kazi yake."

Mdogo wangu alipanda juu, akarudi na leso aliyoitoa kwenye ule mkoba wa mlangoni, leso ya nyanya, ya manjano iliyopauka. Akalala kwenye gunia, akanyoosha miguu, akajifunika mpaka juu ya kichwa. Mwenyewe. Alijifunika vizuri mno.

Matanga yakaanza. "Marehemu alikuwa mtu wa watu!" mhubiri akapiga kelele kwenye gunzi. "Alikuwa anapenda kila mtu! Hata nyinyi wabaya!" Waombolezaji wakapiga mayowe. Mlevi akaangukia chungu cha matope akafukuzwa. Mimi nilikuwa kwenye ngazi ninacheka, nimefurahi, nikihesabu wale watoto wote waliomzunguka mdogo wangu bila kukimbia.

Halafu nikaiona leso. Ile sehemu ya mdomo. Ilikuwa haipandi wala haishuki.

Nikangoja ipande. Uani, kilio kilikuwa kimebadilika. Watoto walioanza kwa mchezo sasa walikuwa wanalia kweli, makamasi na yote, na hawakuwa wakimtazama mtu yeyote. Mhubiri aliteremsha gunzi. Juu yetu, kwenye korido, mama mmoja wa kwetu alikuwa akianika nguo, na niliposikiliza nikamsikia akiimba taratibu ule wimbo wa kusindikiza jeneza, huku anabana shati kwa vibanio, kama mtu asiyejua mdomo wake unafanya nini. Maji ya nguo yalidondoka kwenye leso. Leso haikutikisika. Nilitaka kushuka. Niliiambia miguu yangu ishuke.

"Haya, imetosha!" Ni yule wa Kitui. Alikuwa na mikono kiunoni. "Amka. Sasa ni zamu yangu kufa."

Akapiga gunia kwa kisigino.

"Wewe! Si unasikia? Umekufa muda mrefu. Toka na mimi nife!"

Akamvuta mguu. Mguu ukavutika, ukarudi ulivyokuwa.

"Ni mchoyo huyu," akawaambia wengine kwa hasira. "Anataka kukufa peke yake!" Na kabla sijapata sauti, akaivua leso upande mmoja, akajilaza kwenye gunia kando ya mdogo wangu, akamsukuma na kalio apate nafasi, akavuta leso ikawafunika wote wawili.

Sasa palikuwa na maiti wawili. Hakuna mtoto aliyelia. Hata wimbo wa juu ulikatika. Nilikuwa nimeng'ang'ania chuma cha ngazi mpaka kutu ikaniingia kwenye kiganja.

Kitu kikasogea chini ya leso. Sauti ya yule wa Kitui ikanong'ona, na ua mzima ukasikia: "Miguu yako ni baridi. Nikanyage."

Halafu kikatoka kicheko. Sikukijua ni cha nani. Kilikuwa cha mtoto, chembamba, kilichojaa mate, kikakatika, kikaanza tena. Nimeishi na mdogo wangu miaka yake yote minne, na ilinibidi nisubiri leso ifunuliwe ndipo nijue kwamba yeye ndiye anayecheka. Alitoka mbio na nywele zimesimama, akaruka chungu cha matope, akapiga kelele, "Sasa ni wewe! Sasa umekufa wewe!" Akamlilia mwenzake kilio cha uongo kabisa, kibaya, cha kitoto. Sijawahi kusikia matanga matamu kama hayo.

Baba alipoingia lango la ploti na simiti kwenye viatu, walikuwa bado wanacheza. Mdogo wangu alikuwa amenyang'anya gunzi na sasa ndiye mhubiri. Baba akachuchumaa penye mlango wa ua, akatoa njugu kwenye karatasi.

"Mayi," akasema. "Umeshindaje?"

Mdogo wangu hakugeuka. Hakujifanya, nilimtazama vizuri. Alikuwa hajui kwamba anaitwa yeye.

"Mayi?"

Aliyeinuka ni yule maiti. Msichana wa Kitui alikaa juu ya gunia, leso ikamteleza ikamkaa mabegani. Hajui neno moja la kwetu. Alimtafuta baba uani kote mpaka akampata, akanyoosha mikono yake miwili.

"Tumeshinda," akasema. "Mgongo tu."

Najua, kwenye ploti yetu ukuta ni mabati, kila mtu anasikia kila kitu. Nilijiambia hivyo wakati ule na ninajiambia hivyo bado.

Baba alikaa amechuchumaa, karatasi mkononi, mpaka nikadhani magoti yamekataa. Kisha akaenda, akamimina njugu zote kwenye viganja vya yule mtoto. Mdogo wangu akaona.

"Na mimi? Baba! Na mimi!"

Hakuwahi kumwita baba. Baba akamtazama, na sura yake ilikuwa ya mtu anayetoka mazishini na mtu anayetoka wodi ya kujifungulia kwa wakati mmoja. Aliufuta uso kwa mkono wenye simiti akauchafua zaidi.

"Gawaneni," akasema. Halafu akaniambia mimi, bila kunitazama, "We kichaa. Panda juu utoe nguo kwa huo mkoba."

Nilipanda. Nyuma yangu wale wawili walikuwa wanabishana, midomo imejaa njugu, kuhusu kesho ni zamu ya nani.